Neno Kosheri: Maana na Asili Yake

Hapana taifa duniani lilalo kila kiliwacho. Fisi hula akipatacho na kunguru hula akionacho, lakini mwanadamu huchagua; na kuchagua kwake hakutokani na ulimi peke yake, bali hutokana pia na dini, na mila, na kumbukumbu za wazee wake. Lugha ya Kiswahili ina ushahidi mwingi wa jambo hili. Tunayo maneno mwiko na mzio, ambayo ni ya asili ya Kibantu, na yalikuwako kabla ya kufika dini za kitabu. Tunayo maneno halali, haramu, najisi na makuruhu, yaliyokuja na Uislamu. Tunalo neno kibudu, litajalo mnyama aliyekufa pasipo kuchinjwa. Lugha yenye maneno mengi namna hii juu ya chakula ni lugha ya watu waliofikiri sana kabla ya kula.

Wayahudi nao wanalo neno lao, ambalo limesafiri mbali kuliko wao wenyewe. Neno hilo ni kosheri. Wengi hulisikia na kudhani kwamba ni neno la kutaja chakula kilichobarikiwa na kuhani. Wengine hudhani kwamba ni halali ya Waislamu iliyovaa kanzu nyingine. Dhana zote mbili zina kasoro. Insha hii yakusudia kueleza maana ya neno hili, mahali lilikozaliwa, njia liliyopita, na sababu ya kumfaa mwanafunzi wa pwani ya Kenya kulijua.

Mahali pazuri pa kuanzia swali hili ni Kisauni, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Katika ardhi hiyo, mwaka 1875, wamisionari wa Kanisa la Uingereza waliweka mji wa watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wakauita Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere. Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo walikutanishwa hapo, pamoja na Waafrika waliolelewa India na kurudishwa Afrika. Kengele iliyotundikwa kuwaonya watu wakati wa hatari imeacha jina lake mpaka leo katika mtaa wa Kengeleni. James Mbotela, mtoto wa mji ule, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Watu hao walizungukwa na Waswahili, ambao ni Waislamu, na Mijikenda, wenye miko ya kaya zao. Baadaye walikuja watu wa bara, kila mmoja na sufuria yake. Basi Kisauni imekuwa meza kubwa waliyoizunguka watu wenye sheria mbalimbali za kula. Na swali la nani ale nini, na kilichochinjwa na nani, si swali la vitabuni tu mahali kama hapo. Ni swali la kila arusi na kila matanga.

Tuanze na shina la neno. Katika Kiebrania neno hili hutamkwa kasheri, na maana yake ni kilicho sawa, kilicho barabara, kinachofaa. Ajabu ya kwanza ni hii: katika maandiko ya kale ya Wayahudi, ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale, neno hilo halitumiwi kabisa kwa chakula. Kitenzi chake hutokea mara tatu tu. Mara moja ni katika kitabu cha Esta, sura ya 8, pale malkia Esta anapomwomba mfalme wa Uajemi aifute amri ya kuwaua Wayahudi, iwapo jambo hilo litaonekana kuwa sawa mbele yake. Mara mbili ni katika kitabu cha Mhubiri, katika sura ya 10 na ya 11, na hapo neno lahusu kufaulu kwa kazi. Hapana nyama, wala maziwa, wala kisu katika habari hizo. Neno lililokuja kutawala majiko ya Wayahudi lilizaliwa nje ya jiko.

Je, Torati yenyewe, inapogawa wanyama katika mafungu, hutumia maneno gani? Hutumia maneno mawili: tahori, yaani safi, na tame, yaani najisi. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida asiyokuwa nayo Mwingereza. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na Kiswahili kimeazima maneno mengi kwa Kiarabu. Kwa hiyo maneno ya Torati yana jamaa zao katika vinywa vyetu. Neno tahori ni ndugu wa neno la Kiarabu tahiri, nasi tumepata kwa njia hiyo neno tohara. Sadaka ya kuchinjwa katika Kiebrania huitwa zevahi, na nduguye katika Kiarabu ndiye aliyetupa sisi dhabihu. Damu katika Kiebrania ni dam. Uhai ulio ndani ya damu huitwa nefeshi, nduguye nafsi. Mtoto wa Kisauni asemapo tohara, dhabihu, damu na nafsi, hutamka, pasipo kujua, nusu ya msamiati wa sheria ya kale ya Walawi.

Sheria zenyewe zimeandikwa zaidi katika sura ya 11 ya Mambo ya Walawi na sura ya 14 ya Kumbukumbu la Torati. Mnyama wa nchi kavu huliwa akiwa na sifa mbili pamoja: awe na kwato zilizopasuka, na awe acheua. Sifa moja haitoshi. Ngamia, pimbi na sungura wamekataliwa kwa kuwa, kwa hesabu ya Torati, hucheua lakini hawana kwato zilizopasuka. Nguruwe amekataliwa kwa kuwa ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Mwanafunzi aweza kuijaribu kanuni hiyo kwa wanyama wa nchi yetu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hupita. Nyati na swala hupita. Hata twiga hupita, kwa maana ana kwato zilizopasuka na hucheua, ijapokuwa sheria ya Kenya ya mwaka 1977 ya kupiga marufuku uwindaji imemwondoa katika hatari ya kuliwa. Pundamilia hapiti, wala kiboko.

Kwa viumbe vya majini kanuni ni fupi: chenye mapezi na magamba huliwa, kisichokuwa navyo hakiliwi. Chukua kanuni hiyo uiweke mbele ya samaki wa pwani yetu. Changu na chewa hufaa. Papa na taa hawafai, wala mkunga. Pweza, ngisi, kamba na kaa wote ni marufuku. Maana yake ni kwamba Myahudi ashikaye sheria yake hawezi kula vitoweo vingi vilivyo fahari ya mpishi wa Mombasa. Hapa ndipo inapoanza kuonekana kasoro ya kusema kwamba kosheri na halali ni kitu kimoja. Kwa madhehebu ya Shafi, wayafuatayo Waislamu wengi wa pwani, viumbe vya baharini kwa jumla ni halali. Ngamia pia ni halali kwa Mwislamu, lakini kwa Myahudi ni najisi. Kwa upande mwingine, mvinyo wa Myahudi waweza kuwa kosheri. Kwa Mwislamu hauwezi kamwe kuwa halali. Hata nzige wana habari yao: Torati inaruhusu aina nne za nzige, na Wayahudi wa Yemeni ndio waliohifadhi elimu ya kuwatambua nzige wa kuliwa.

Pamoja na orodha ya wanyama zimo sheria nyingine. Damu imekatazwa, kwa kuwa uhai u ndani yake. Mafuta fulani ya ng'ombe, kondoo na mbuzi yamekatazwa. Mshipa wa paja haukuliwa na wana wa Israeli, na kitabu cha Mwanzo, sura ya 32, chasema sababu ni kumbukumbu ya Yakobo aliyeteguliwa nyonga usiku. Tena kuna mnyama aitwaye nevela, yaani aliyejifia mwenyewe, ambaye kwa Kiswahili ni kibudu hasa. Na kuna terefa, maana yake aliyeraruliwa, yaani aliyeuawa na mnyama wa mwitu. Habari zake zimo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Neno hili terefa lilikua kama mti. Kwanza lilitaja mzoga ulioraruliwa na simba au mbwa mwitu. Halafu likataja mnyama yeyote mwenye jeraha au ugonjwa wa kumfisha. Mwisho likawa jina la chakula chochote kisichoruhusiwa. Likawa mshindani wa kosheri, kama vile haramu ilivyo mshindani wa halali.

Iko sheria moja ambayo imeyagawa majiko ya Wayahudi katika pande mbili. Mara tatu Torati inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye: mara mbili katika Kutoka, na mara moja katika Kumbukumbu la Torati. Maneno ni machache, lakini walimu wa Kiyahudi, waitwao marabi, waliyafasiri kwa upana mkubwa. Walisema kwamba nyama na maziwa visipikwe pamoja, wala visiliwe pamoja, wala visiletwe katika chombo kimoja. Kwa hiyo nyumba ya Myahudi ashikaye sheria ina sufuria za nyama na sufuria za maziwa, na masahani mawili, na visu viwili. Akiisha kula nyama hungoja kabla ya kunywa maziwa: wengi hungoja saa sita, Wayahudi wa Ujerumani tangu zamani hungoja saa tatu, na wale wa Uholanzi saa moja. Vyakula visivyokuwa nyama wala maziwa, kama mboga, matunda, nafaka na mayai, huweza kuliwa pamoja na upande wowote.

Ni marabi hawa waliolichukua neno kasheri wakalipa kazi mpya. Sheria zilizokuwa zikifundishwa kwa mdomo zilikusanywa katika Mishna, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, na maelezo yake marefu yakakusanywa katika Talmudi ya Babeli, iliyomalizika katika karne ya 6 au karibu yake. Katika maandishi hayo kasheri ni neno la mahakimu zaidi kuliko la wapishi. Shahidi aliyefaa kusikilizwa barazani alikuwa kasheri. Gombo la Torati lililoandikwa bila kosa lilikuwa kasheri. Chakula kilichotimiza masharti kilikuwa kasheri pia. Sehemu ya Mishna ihusuyo kuchinja wanyama wa kuliwa huitwa Hulini, maana yake mambo ya kawaida, yasiyokuwa ya hekaluni. Na shina la jina hilo lina konsonanti zile zile za neno letu halali. Mwaka 1565, huko Venice, ilichapwa sheria iliyokusanywa na Yosefu Karo, na kitabu hicho kimekuwa mwongozo wa Wayahudi wengi juu ya chakula mpaka leo.

Yatupasa sasa kutazama kuchinja, maana hapo ndipo Kisauni na Yerusalemu hukaribiana. Mchinjaji wa Kiyahudi huitwa shoheti, naye hawi mtu yeyote tu. Lazima awe amejifunza sheria na kuthibitishwa. Kisu chake hukipitisha juu ya ukucha kutafuta pengo, na kikiwa na pengo hata dogo hakifai. Hukata njia ya pumzi na njia ya chakula kwa mwendo mmoja. Hasimami katikati, hakandamizi, hafichi kisu ndani ya nyama au chini ya ngozi, hakati nje ya mahali palipowekwa, wala harui. Likitokea moja la hayo matano, mnyama hafai kuliwa. Kabla ya kuanza kazi husema maneno ya baraka. Akiisha kuchinja hukagua mapafu. Kisha, ili damu itoke, nyama hulowekwa kwa muda wa nusu saa, hutiwa chumvi kwa saa moja, na kuoshwa. Basi si kweli kwamba kosheri ni chakula kilichobarikiwa. Baraka ni ya kumshukuru Mungu aliyetoa amri. Kinachokifanya chakula kifae ni kutimizwa kwa masharti.

Mwislamu asomaye maneno hayo hataona ugeni mkubwa. Naye hukata njia ya pumzi na njia ya chakula, naye hutaka kisu kikali, naye huikataa damu. Sura ya Al-Maida katika Kurani, aya ya 3, inakataza mzoga, damu, nyama ya nguruwe, na mnyama aliyeliwa na mnyama mkali. Huyo wa mwisho ndiye yule terefa wa Kiebrania kwa jina jingine. Aya ya 5 ya sura hiyo hiyo inaruhusu chakula cha Watu wa Kitabu. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi waliifasiri ruhusa hiyo kwa masharti, wakitazama nasaba ya mchinjaji na wakati wazee wake walipoingia katika dini yao. Ndiyo sababu katika pwani yetu Mwislamu hali nyama iliyochinjwa na jirani yake Mkristo, ijapokuwa aya yenyewe yawataja Watu wa Kitabu. Mtu asiyejua historia hii huweza kudhani kwamba amedharauliwa. Aijuaye huelewa kwamba ni hukumu ya fikihi, wala si chuki.

Wakristo nao hawakuliacha jambo hili kwa urahisi. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 15, chasimulia baraza la Yerusalemu, ambako iliamuliwa kwamba waumini wasiokuwa Wayahudi wasibebeshwe mzigo wote wa sheria, ila wajiepushe na mambo machache, na miongoni mwake ni damu na nyama za walionyongwa. Wakristo wengi waliona baadaye kwamba orodha ya Walawi haiwafungi. Lakini si wote. Kanisa la Othodoksi la Uhabeshi limeendelea kujiepusha na nguruwe. Waadventista wa Sabato, walioanza kazi yao Gendia karibu na ziwa Victoria mwaka 1906, huifuata orodha ya wanyama wa Walawi hata sasa, nao wamo Mombasa kama walivyomo Kisii. Kwa hiyo Mkenya hana haja ya kusafiri mpaka nchi ya Israeli ili amwone mtu anayemkataa kambare kwa kuwa hana magamba.

Kwa nini sheria hizi? Swali hilo limewashughulisha wenye hekima kwa karne nyingi. Musa bin Maimuni, rabi na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, alisema kwamba vyakula vilivyokatazwa havina afya. Jibu hilo hupendeza, lakini haliyatoshelezi mambo yote, kwa maana mataifa mengi yamekula ngamia na kamba bila ya kuangamia. Mwaka 1966 Mary Douglas, mwanamke Mwingereza aliyekuwa amekaa na watu wa Lele katika nchi ya Kasai, Kongo, alitoa jibu jingine. Walele walikuwa na miko mikubwa juu ya kakakuona, mnyama mwenye magamba kama samaki lakini apandaye miti. Kutokana na mafunzo kama hayo alisema kwamba wanyama wa Walawi waliokataliwa ni wale wasiokaa vema katika mafungu yao: kiumbe cha majini kisicho na mapezi, mnyama mwenye kwato asiyecheua. Baadaye yeye mwenyewe aliibadili sehemu ya hoja hiyo. Wayahudi wengi wanaoishika sheria hawangoji jibu. Kwao yatosha kwamba imeamriwa. Hata hivyo ni jambo la kutiwa moyoni kwamba mwiko wa msitu wa Kongo ulisaidia kuwasha taa juu ya kitabu cha Musa.

Lakini mfanano una mitego yake. Wamasai tangu zamani hawachanganyi nyama na maziwa katika siku moja. Afisa mmoja Mjerumani, Moritz Merker, alitoa kitabu mwaka 1904 akidai kwamba Wamasai na Waebrania wa kale walikuwa na asili moja, na desturi za namna hii alizihesabu kuwa dalili. Wataalamu hawakuikubali hoja yake. Watu wafugao ng'ombe, ambao maisha yao yategemea maziwa na nyama, wanaweza kufikia mwiko mmoja kila mmoja kwa njia yake, kama vile watu wawili wasiojuana wanavyoweza kujenga dari kwa miti ya namna moja. Mfanano wa maneno, kama ule wa tahori na tohara, ukithibitishwa kwa sauti nyingi zinazolingana, ni ushahidi wa undugu wa lugha. Mfanano wa desturi peke yake si ushahidi wa nasaba. Mwanafunzi wa historia na aishike tofauti hiyo, maana wengi wamepotezwa nayo.

Kosheri yenyewe, kwa Kiyahudi chake hasa, ina historia katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Kizayuni wazo la kuwaweka Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi katika nyanda za Uasin Gishu. Tume ilitumwa kuitazama nchi, na mkutano wao wa mwaka 1905 ulilikataa wazo hilo. Wayahudi wachache walikuja hata hivyo, na sinagogi ya kwanza ya Nairobi ilijengwa katika miaka ya 1912 na 1913. Huko Uganda mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza, alisoma Biblia ya Kiganda, akashika maneno ya Torati kama yalivyoandikwa, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake, waitwao Abayudaya, wanaokaa karibu na Mbale, husimulia kwamba mwaka 1920 Myahudi mgeni aitwaye Yosefu alikaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda na kuchinja. Tangu hapo hawakula nyama isiyochinjwa na wao wenyewe. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin aliipiga dini yao marufuku, na wengi waliiacha. Lakini waliobaki waliendelea mpaka utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Kwao kuchinja kwa namna yao kulikuwa ni kukataa kupotea.

Turudi kwenye neno. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walitamka irabu a ya kasheri kama o, na katika lugha yao ya Kiyidishi likawa kosheri. Wahamiaji wakalipeleka Uingereza na Marekani, na huko Waingereza na Wamarekani wasiokuwa Wayahudi wakaanza kulitumia kwa jambo lolote lililo halali na lisilo na hila: biashara isiyo ya magendo, hati isiyo ya kughushi. Katika miaka ya 1920 alama za kosheri zilianza kubandikwa katika makopo ya vyakula vya viwandani huko Marekani, kama vile leo alama ya halali inavyoonekana katika bidhaa za maduka ya Mombasa. Neno limezunguka likarudi lilikoanza. Kwa Esta lilikuwa jambo lililo sawa; kwa marabi likawa shahidi, gombo na nyama; kwa mitaa ya New York likawa tena jambo lililo sawa. Na halali yetu imepita njia ya jirani: twasema nyama ya halali, lakini pia mali ya halali na mke wa halali.

Hata hivyo maneno haya mawili hayabebi wazo moja. Halali hutokana na shina lenye maana ya kufungua: kilicho halali kimefunguliwa, hakuna kizuizi juu yake. Kosheri ni kufaa: huuliza kama kitu kimetengenezwa sawasawa. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walikuwa na kazi ya kupima mambo ya namna hii. Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Biblia nzima ilitoka kwa lahaja ya Unguja mwaka 1891, kwa Kimvita mwaka 1914, na ile ya muungano mwaka 1952. Hawakuunda msamiati mpya wa kigeni kwa sura ya 11 ya Walawi. Waliandika najisi, neno ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wamelizoea kwa karne nyingi. Hivyo Mkristo wa Frere Town alisoma sheria ya Myahudi kwa neno la Mwislamu. Hakuna mfano bora kuliko huo wa kuonyesha jinsi lugha inavyowakalisha watu pamoja hata pale ambapo sheria zao zinawatenga.

Maana sheria ya chakula ni ua. Humweka mtu ndani na watu wake, na humkumbusha kila siku, mara tatu kwa siku, kwamba yeye ni nani. Wayahudi walitawanyika katika mataifa kwa miaka karibu 2000, na sufuria zao mbili ziliwasaidia wasisahau. Lakini ua usio na mlango huwa gereza. Katika Uhabeshi, tangu zamani, Wakristo na Waislamu hawali nyama za kuchinjwa na wenzao, na kila upande hula peke yake. Katika pwani ya Kenya umepatikana mlango. Mwenye shughuli asiyekuwa Mwislamu, akijua kwamba majirani Waislamu watakuja, humwita Mwislamu achinje. Na nyama ikiisha kuchinjwa hivyo, Mkristo hula, mtu wa kaya hula, na Mwislamu hula. Mwenye masharti mepesi amemfuata mwenye masharti mazito, na hakuna aliyeiacha dini yake.

Desturi hiyo haikuandikwa na rabi wala kadhi wala askofu. Imetungwa na akina mama na wazee waliotaka kumlisha kila aliyefika. Nayo huuliza swali lile lile lililomo katika shina la neno kosheri tangu siku za Esta: je, jambo hili lafaa? Mtu wa Kisauni anapompa jirani yake kisu ashike, huwa amekwisha kulijibu.